Neno Lililomtoka Duberney

Duberney Piamba alikuwa mwanafunzi wa kilimo anayeogopa udongo. Cheka ukitaka, wenzake walicheka mwaka mzima, na hawakujua hata nusu ya habari. Chuo chetu pale Popayán, Kolombia, kina uwanja mpana wa nyasi katikati, na wanafunzi wakichelewa darasani huukata katikati mbiombio, wengine hulala humo mchana kutwa viatu wamevua. Duberney hakuukanyaga hata siku moja. Alizunguka kwa njia ya saruji, jua liwake au mvua inyeshe, akafika darasani wa mwisho huku anahema. Wakamwita Mzee, maana alikuwa ameshapita thelathini na wao ndio kwanza wametoka mikononi mwa mama zao, na wakasema Mzee anachunga viatu vyake kama bwana harusi.

Viatu havikuwa na habari yoyote. Duberney alikuwa ametembea jeshini karibu miaka kumi, katika milima ya kusini, na asubuhi moja mtu aliyemtangulia kwenye njia, Ovidio, aliyezoea kumbakishia chokoleti ya moto kikombeni kila alfajiri, alikanyaga mahali palipoonekana kuwa na majani makavu tu, kumbe chini yake pamefukiwa bomu. Ovidio hakurudi kwao. Duberney alirudi, na sikio la kushoto lisilosikia, na sheria moja ambayo hakuna mkubwa aliyempa. Atakanyaga saruji, lami, mbao au jiwe. Pengine pote atakanyaga tu pale alipoona kwa macho yake mtu mwingine amekanyaga akapita mzima.

Sasa mtu kama huyu kilimo alikitakia nini? Hata mama yake aliuliza. Jeshi lilipomwachia alipata ufadhili wa masomo wanaopewa askari wa zamani, na angeweza kusomea uhasibu, akakaa kwenye sakafu safi maisha yake yote. Lakini siku aliyorudi nyumbani kwao, huko Bolívar, alishindwa kuingia katika shamba la buni la mama yake. Alisimama barazani, mama akawa anamletea kahawa mlangoni kama anavyomletea mgeni, na aibu ile ikamkaa rohoni. Akajiambia kwamba kitu ukikisomea utaacha kukiogopa. Ndivyo tulivyo wengine wetu, tukiumwa na mbwa tunakwenda kusomea udaktari wa mbwa.

Ufadhili wenyewe ulikuwa na sharti moja tu. Akianguka somo lolote, hata moja, unakatwa. Asingeweza kujilipia, na mlango wa pili hakuwa nao.

Na udongo ulikuwa nusu tu ya hofu yake. Nusu ya pili ilikuwa watu. Chuo chetu na jeshi ni paka na panya tangu enzi za babu zetu, na kuta zimeandikwa matusi ya jeshi kuanzia getini hadi vyooni. Mwaka uliotangulia, kijana mmoja aliyeshukiwa kuwa jicho la jeshi alitolewa bwenini kwa mateke na watu waliofunika nyuso, na baadaye ikajulikana kwamba alikuwa fundi simu tu. Basi Duberney alifuga nywele, akaacha kuitika kwa sauti ya paredi, na alipoulizwa alikuwa wapi miaka yote hiyo akasema alikuwa anauza viazi sokoni Silvia. Ili uongo usimame alijifunza aina zote za viazi, akawa anazungumza habari za viazi hadi watu wakawa wanamkwepa. Hilo lilimfaa sana.

Aliyemtisha kuliko wote alikuwa Leyder Chilito. Leyder alikuwa kijana mwembamba mwenye mdomo wa kuongoza mikutano, na kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimepinda kama ndoano. Alisema alikivunja akidaka mpira. Ndiye aliyesimama juu ya meza kwenye mkutano wa wanafunzi akasema humu ndani kuna macho na masikio ya jeshi, na siku yakijulikana yatatoka bila mizigo. Watu walipiga makofi. Duberney alipiga pia, na kuanzia siku hiyo akawa anakaa safu ya nyuma kabisa, mgongo ukutani. Jambo moja tu lilimshangaza kuhusu Leyder. Kwenye kantini wawili hao walikuwa wanamaliza sahani zao kabla wengine hawajakaa vizuri, wakabaki wanatazamana juu ya sahani tupu. Watu walisema ni njaa.

Hayo yangeweza kwenda hivyo mpaka mwisho wa masomo, kama Mwalimu Amparo, anayefundisha magonjwa na wadudu wa kahawa, asingetangaza safari ya shambani. Wangekwenda kwa Doña Nidia, mwanamke mwenye shamba la buni mlimani, upande wa El Tambo, wakaone jinsi anavyopambana na kile kidudu kinachotoboa buni. Duberney alisikia jina la mahali pale, akaacha kuandika. Hakuwahi kufika pale penyewe, ila mlima wa jirani yake aliujua vizuri kuliko alivyotaka. Alimfuata mwalimu ofisini akasema anaumwa mgongo. Mwalimu Amparo, mama mnene mpole asiyependa kubembelezwa, alimwambia mgongo unaweza kukaa ndani ya gari, lakini mwenye mgongo ashuke shambani. Asiyekwenda amefeli somo.

Asubuhi akapanda gari.

Walishuka barabara ilipoishia. Doña Nidia aliwapokea mwenyewe, mwanamke mfupi mkavu mwenye gambuti na panga kiunoni. Aliwapa maji ya moto ya sukari guru, akawauliza kama wote wanaweza kupanda mlima au kuna wa kubebwa, halafu akatangulia. Njia ilikuwa nyembamba, ya udongo mwekundu uliolowa, na pande zote mbili migomba imefunika mibuni. Wanafunzi wakaingia wanacheka na kupiga picha. Duberney alingoja. Alitaka mtu wa kumtangulia, mtu asiyeyumbayumba, mwenye hatua ya kuaminika. Aliyepita mbele yake wakati ule, kwa balaa au kwa bahati, alikuwa Leyder.

Basi akamfuata Leyder. Aliweka gambuti lake ndani ya alama ya gambuti la Leyder, kisha la pili ndani ya la pili, macho chini, kinywa kikavu. Alisikia Doña Nidia kule mbele akieleza kitu, akasikia watu wakicheka, hakuelewa neno. Alijiambia kwamba vita imekwisha, karatasi zimesainiwa, watu wa kutegua mabomu wamepita hapa na vijiti vyao vyekundu. Miguu haikusikia hizo hoja. Ila kadiri walivyopanda aliona kwamba hatua za Leyder ni nzuri. Zilikuwa za urefu mmoja, katikati ya njia, hazikugusa majani. Akaanza kupumua.

Hapo ndipo Leyder alipogeuka pembeni. Alitaka kukojoa tu, kama mtu yeyote. Alitoka njiani, akaingia chini ya mgomba, na mbele ya mguu wake, kwenye majani makavu, Duberney akaona chupa ya plastiki iliyolala ubavu, waya mwembamba umetoka shingoni mwake, na ndani ya chupa kichupa kidogo chenye maji.

"Tulia, lanza," alisema. "Mguu huo usiushushe."

Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, kavu, ile anayoisikia mtu hata katikati ya mvua, na kundi zima likanyamaza nyuma na mbele.

Lanza kwetu ni mkuki, mtoto yeyote anajua. Lakini jeshini lanza ni mwenzako, yule unayelala naye mgongo kwa mgongo. Askari wa Kolombia huitana hivyo mchana na usiku, na ukikutana na mtu sokoni akakuita lanza, unajua ametoka wapi bila kumwuliza. Raia hana neno hilo. Duberney alikuwa amekesha nalo mdomoni mwaka mzima, ameling'ata hadi ndotoni, na sasa limetoka mbele ya darasa lote. Alilisikia mwenyewe likitoka, damu ikamshuka miguuni.

Leyder alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, wa pili hewani, mikono imeachana na mwili. Hakugeuza kichwa. Hakuuliza kuna nini. Polepole sana alirudisha ule mguu nyuma, akautua katika alama yake mwenyewe aliyotoka nayo, kisha wa pili katika alama ya pili, mpaka akafika njiani, na jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni.

Doña Nidia alishuka akiuliza kuna nini. Naye alisimama mbali kwanza, akachungulia kwa muda mrefu, na mkono wake ulikuwa umeshika mti. Halafu akacheka kwa pumzi moja, akaingia, akaiokota chupa, akaipangusa kwa aproni. Ulikuwa ni mtego wa wadudu. Chupa ya soda iliyotobolewa dirisha, waya wa kuitundikia mtini, na kichupa cha pombe ndani cha kuwavutia wale wadudu wa buni. Upepo wa juzi ulikuwa umeiangusha. Mtego huo huo Mwalimu Amparo alikuwa ameuchora ubaoni wiki iliyopita, na Duberney alikuwa ameuchora vizuri kuliko wote kwenye mtihani.

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mzee kakamatwa na mtego wa wadudu, Mzee kaona mdudu mwenye bunduki. Mwalimu mwenyewe alicheka, akasema maksi zile za mtihani huenda akazichukua tena. Duberney alicheka pamoja nao, meno nje, moyo unapiga mpaka kwenye lile sikio bovu. Doña Nidia peke yake hakuendelea kucheka. Alimtazama Duberney, akamtazama Leyder, kisha akaitundika chupa yake mtini na kusema mvua inakuja, waongeze mwendo.

Ndipo msichana mmoja, Yuliana, aliyependa kujua kila kitu, akauliza. "Mzee, lanza ndiyo nini? Umemwita Leyder lanza."

Duberney aliinama akafuta tope kwenye gambuti. Hata viazi havikumjia.

Leyder ndiye aliyejibu. Alikuwa anafunga kamba ya begi lake, hakuinua uso. "Hujui? Wauza viazi wa Silvia wanaitana hivyo. Nenda sokoni utawasikia, lanza huku, lanza kule, gunia moja bei gani lanza." Akamgeukia Duberney. "Ila usinishtue tena, lanza. Nimejikojolea nusu."

Kicheko kikaanza upya, na safari hii kilimwangukia Leyder, naye akakiacha kimwangukie.

Wakati wa kula, wengine walikuwa barazani kwa Doña Nidia na supu ya kuku na mihogo, na hao wawili walikuwa wameshamaliza kama kawaida yao. Leyder alimwashiria kwa kidevu. Wakaenda kusimama kwenye sakafu ya kuanikia buni, ya saruji, mahali pa wazi ambapo hakuna anayeweza kukunyemelea. Duberney alijua wanakwenda kufanya nini. Alikuwa anahesabu tu kama mateke yataanza leo au wakirudi mjini.

"Kikosi gani?" Leyder aliuliza.

Duberney aliinamisha macho mkononi mwa Leyder. Alikuwa anakitazama kile kidole kilichopinda, na ghafla akaona tena ule mguu ulivyorudi nyuma ndani ya alama zake. Hilo halifundishwi kwenye mikutano ya wanafunzi.

"Na wewe?" akasema. "Ulikuwa msituni wapi?"

Leyder alitazama huku na huku kabla ya kusema. Alikuwa amegeuka rangi. Wale waliotoka naye msituni, alisema, waliosalimisha silaha pamoja naye siku moja kwenye foleni moja, walikuwa wanauawa mmoja mmoja, huyu dukani, yule mbele ya watoto wake, na hakuna aliyekamatwa. Ndiyo sababu alibadilisha jina. Ndiyo sababu anapiga kelele kuliko wote kwenye mikutano, maana nani atamtafuta mtu aliyejificha juu ya meza? Alisema kwamba hajalala usingizi mzima tangu siku waliposema kuna amani.

Duberney alikuwa na swali moja tu, na alikuwa amelibeba miaka. Kwanza hakutaka kuliuliza. Kisha akaliuliza.

"Ulitega?"

"Nilibeba. Nilichukuliwa kwetu nikiwa mtoto, nikapewa begi. Ndani yake mabomba ya sindano na chupa za kutengenezea mabomu. Nilibeba, wakubwa wakatega."

"Milima gani?"

"Usiniulize milima, kaka," Leyder alisema. "Nakuomba. Ukiniuliza nitakwambia, halafu tutafanya nini mimi na wewe?"

Duberney hakuuliza. Alisimama pale kwenye saruji, anamchukia kijana yule kwa moyo wote na anamhurumia kwa moyo huo huo. Walikubaliana kwa maneno machache. Leyder hajawahi kuwa msituni. Duberney aliuza viazi. Waliporudi kwenye njia, Leyder alitangulia bila kuambiwa, na Duberney akatia miguu yake mle mle.

Nadhani Leyder hakujua amefanya nini aliposema ule uongo wa sokoni. Vijana wakipata neno jipya hawaliachi. Kabla wiki haijaisha darasa zima lilikuwa linaitana lanza, nipe kalamu lanza, umekula lanza, na Duberney, mwenye neno, jina la Mzee likamtoka akawa Lanza kwa herufi kubwa. Mwanzoni kila alipoliitikia mgongo ulikuwa unamsisimka. Walimwita hivyo kwa sauti, uwanjani, kantini, vyooni, na yeye anatazama ni nani amesikia. Siku zikapita, hakuna aliyegundua. Kumbe neno likitumiwa na kila mtu linakuwa halina mwenyewe. Akaanza kulizoea, hata kulipenda kidogo, na mara moja moja alipoitwa alimkumbuka Ovidio na kikombe chake bila kuumia sana.

Palikuwa na kibanda cha empanada nje ya geti, zile sambusa ndogo za viazi na karanga, na hapo ndipo Duberney alipokuwa akila saa ya mapumziko, kwa kuwa pana saruji na ukuta. Siku hiyo jua lilikuwa kali. Yuliana alipita mbio akamwambia, "Lanza, niachie mbili," akaingia getini. Mwanamume aliyekuwa ameegemea pikipiki, kofia ngumu imening'inia mkononi, akainua kichwa.

Alikuwa mtu wa kawaida. Shati safi, ndevu zimenyolewa, uso wa mtu anayewapenda watoto wake. Alisogea, akaagiza empanada, akamwomba Duberney pilipili.

"Lanza," alisema, kama anayeonja chakula. "Hawa watoto wanakuita hivyo na hawajui wanasema nini. Ulikuwa kikosi gani, lanza?"

Duberney alimpa kwanza ile pilipili. Alitaka kusema viazi. Alimtazama yule mtu machoni akaona kwamba viazi havitasaidia, akataja kikosi chake. Yule mtu alifurahi kweli. Yeye alitumikia jeshi huko Caquetá, alisema, miaka mingi, na akasema inamuuma kuona mtu wao amekaa katikati ya hawa wachora kuta peke yake. Alimlipia. Alimwuliza habari za sikio. Halafu, akipangusa vidole, akasema yuko mjini kwa shughuli ndogo.

"Namtafuta kijana mmoja, lanza. Ametoka msituni, tunasikia anasoma humu. Jina sijui anajiita nani siku hizi. Mwembamba, kidole kidogo cha kushoto kimepinda. Nina salamu zake."

Wakaangaji waligeuza empanada kwenye mafuta. Mtu alipiga honi barabarani. Duberney alikuwa na empanada mdomoni. Hapo, mbele yake, palikuwa na njia nyepesi kabisa. Hakuna ambaye angejua. Lile begi lenye mabomba ya sindano, hakujua lilipita milima gani, na kwa kutojua angeweza kuamini anavyotaka. Alimwona Ovidio. Alimwona vizuri, na kwa muda fulani, nisimpambe, alitaka kuinua mkono aonyeshe kitalu cha chuo, alikokuwa Leyder saa ile.

Alimeza. Akisema simjui, mtu huyu atamwuliza Yuliana, na Yuliana atampeleka hadi mlangoni huku anacheka.

"Namjua," alisema. "Mjinga mmoja mwenye kelele. Ameacha chuo. Alikwenda kusini, Pasto, kwa dada yake, wiki iliyopita. Tulimchangia nauli."

"Pasto."

"Ndivyo alivyosema. Wahuni hawa, unajua mwenyewe."

Yule mtu alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anatazama tu, jinsi mtu anavyotazama njia kabla ya kuipita. Kisha akampiga begani, upande wa sikio zima, akavaa kofia yake.

"Asante, lanza. Nimezipenda hizi empanada. Nitarudi kula nyingine."

Pikipiki ikaondoka taratibu. Duberney alisimama hadi sauti yake ikaisha, na hata ilipoisha hakuweza kuinua mguu. Alikuwa kwenye saruji, saruji yake mwenyewe ya kila siku, na alikuwa anaogopa kushusha unyayo juu yake.

Leyder alikuwa kwenye kitalu cha chuo, nyuma ya maabara, zamu yake ya kumwagilia miche ya kahawa. Palikuwa pamefunikwa na chandarua cheusi, na mbele ya miche kuna vitanda vya udongo uliotifuliwa, laini, umelowa, hadi kwenye ua wa nyuma ambao waya wake umelegea. Duberney alisimama mlangoni, kwenye kizingiti. Alimwambia yote kwa maneno machache, kidole, salamu, pikipiki.

Mpira wa maji ulimponyoka Leyder ukawa unamwaga chini. Hakulia, ila uso wake ukawa wa mtoto, na Duberney akamwona jinsi alivyokuwa siku alipopewa lile begi.

"Umemwambia wapi?"

"Pasto."

"Basi siendi kusini." Alivua aproni, akaitundika vizuri msumarini, sijui kwa nini. Kisha akamgeukia. "Mtu wako wa mbele. Yule uliyempoteza, maana nimeona unavyokanyaga. Aliitwa nani?"

Duberney alikuwa hajamtamkia mtu jina lile chuoni. "Ovidio."

Leyder aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeliweka jina mahali pake. "Nenda na Mungu, lanza," akasema, na safari hii alilisema kama linavyosemwa jeshini. Akapita juu ya vitanda, akakimbia katikati ya udongo uliolowa, akainua ule waya wa ua, akapotea upande wa mto.

Alama zake zilibaki. Kubwa, za kina, zimekwenda moja kwa moja hadi uani, na mtu yeyote mwenye macho angezisoma. Na yule mtu wa pikipiki alikuwa na macho. Ikiwa atageuza njiani, ikiwa atamwuliza mtu mmoja tu getini, atafika hapa kabla udongo haujakauka.

Gambuti la Duberney lilikuwa limetundikwa ukutani, kipimo kimoja na la Leyder. Alivaa. Alilivuta mara mbili ndipo likaingia. Akafunga maji, akatia mguu katika alama ya kwanza, kisha ya pili. Kwenda hakukuwa kugumu, alikuwa amezoea kukanyaga alikokanyaga mtu huyu. Alifika uani. Alama za kwenda peke yake zinasema mtu ametoroka. Za kwenda na kurudi zinasema mwanafunzi amekagua ua. Ilibidi arudi, na arudi pembeni, mahali ambapo hakuna mguu uliotangulia.

Alisimama pale ameshika waya. Mbele yake udongo ulikuwa mweusi, laini, haujaguswa. Aliogopa kama alivyoogopa asubuhi ile, hakuna hata chembe iliyopungua, na masomo yote hayakumsaidia kitu. Akashusha mguu. Ukazama kidogo, ukasimama. Akashusha wa pili. Alikuwa anasema kitu kwa sauti, na alipojisikiliza akagundua anahesabu hatua kama wakati ule, anaomba kwa majina ya watakatifu wa mama yake, na machozi yanamshuka bila kupanguswa.

Alikuwa karibu kufika kizingitini Mwalimu Amparo alipotokea mlangoni, mikono kiunoni, akatazama vitanda vilivyokanyagwa kwenda na kurudi. Nje, mbali, upande wa geti, pikipiki ilikuwa inapunguza mwendo.

"Nani kakanyaga hapa?" akauliza.

"Ni mimi, Mwalimu," Duberney alisema. "Ni mimi peke yangu."